Irabu za Kiingereza katika sikio la Kisumu

Katika mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne, karatasi ya kwanza ina sehemu ya stadi za kusikiliza na kuzungumza yenye alama 30, na sehemu hiyo yote hufanywa kwa kalamu, ndani ya ukumbi ambamo msimamizi hataki kusikia hata mnong'ono. Mtahiniwa huulizwa neno gani lina sauti tofauti na wenzake, neno gani hutamkwa sawa na jingine, herufi gani imo katika maandishi lakini haimo katika matamshi, naye hujibu yote hayo bila kufungua kinywa. Nimelifundisha somo hilo kwa miaka mingi katika shule za kutwa za Kisumu, na sina ugomvi na watunzi wa mtihani, kwa kuwa si rahisi kumsikiliza kila mtahiniwa wa nchi nzima peke yake. Kinachonikera ni mazoea yanayozaliwa na mtihani wa aina hiyo: mwanafunzi huzikariri sauti za Kiingereza kama alama za ubaoni, na mwalimu, akisikia neno limetamkwa vingine, hana la kufanya ila kulirudia yeye mwenyewe kwa nguvu zaidi, akitumaini kwamba sauti kubwa itafanya kazi ambayo maelezo hayakufanya.

Ilhali sauti ni tukio la hewani linaloweza kupimwa. Irabu ya neno "ship" na ile ya neno "sheep" hutofautiana kwa kiasi kinachojulikana, na kiasi hicho kikionekana kwenye kioo cha kompyuta, mjadala wa nani ana lafudhi nzuri na nani ana lafudhi mbaya hupungua makali. Nimefikia kuamini jambo ambalo wenzangu kadhaa katika chumba cha walimu hawalikubali: kwamba mwanafunzi wa maeneo yetu huingia darasani akiwa na sikio linalotenganisha irabu nyingi kuliko tunavyodhani, na kwamba kinachomfunga ni zile herufi tano, a, e, i, o, u, tulizompa azisomee lugha zote.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza tuseme irabu ni nini. Hewa itokayo mapafuni hupita kati ya nyuzi za sauti zilizomo kooni, nazo hufunguka na kufungika mara nyingi kwa sekunde, kwa mwanamume mzima takriban mara 120, kwa mwanamke mara 200 na ushei. Mtetemo huo hutoa masafa ya msingi pamoja na vizidishi vyake vyote, yaani hezi (mitetemo kwa sekunde) 120, 240, 360 na kuendelea, vikizidi kufifia kadiri vinavyopanda. Hapo kooni bado hakuna irabu yoyote, kuna mngurumo tu. Mpiga orutu analijua jambo hili bila kuambiwa. Uzi wake mmoja unaosuguliwa kwa uta ndio unaotoa noti, lakini ukiufunga uzi huo kwenye mti mtupu hausikiki vizuri. Kisanduku kilichowambwa ngozi ndicho kinachochagua baadhi ya masafa ya uzi na kuyakuza, na ndiyo maana orutu mbili zilizokazwa kwa noti ileile hazitoi sauti ya namna moja. Koo, kinywa na midomo ndiyo kisanduku chetu, isipokuwa chetu hubadilika umbo mara kadhaa katika kila sekunde ya mazungumzo.

Hesabu ya mwanzo ni nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha tatu anaweza kuifanya. Tuchukue mrija uliofungwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili, wenye urefu wa sentimita 17.5, ambao ndio urefu wa kawaida kutoka nyuzi za sauti hadi midomoni mwa mwanamume. Sauti husafiri katika hewa yenye joto na unyevu wa mwili kwa mita 350 hivi kwa sekunde. Mrija wa namna hiyo huvuma kwanza kwa wimbi ambalo robo ya urefu wake hutosha ndani ya mrija, kwa hiyo tunagawanya 350 kwa 0.7 na kupata hezi 500. Kisha huvuma kwa mara tatu ya hapo, 1,500, na kwa mara tano, 2,500. Vilele hivyo vya mvumo huitwa fomanti, na huhesabiwa kuanzia chini. Mswidi Gunnar Fant ndiye aliyeiweka nadharia hii mwaka 1960 katika umbo linalofundishwa hadi leo, ingawa Wajapani Chiba na Kajiyama walikuwa wameikaribia sana mwaka 1941.

Kinywa, hata hivyo, si mrija ulionyooka. Taya likishuka na ulimi ukilala chini, fomanti ya kwanza hupanda. Ulimi ukisogea mbele kuelekea kaakaa gumu, fomanti ya pili hupanda. Midomo ikiviringwa, fomanti zote hushuka. Kwa sheria hizo tatu tu mtu anaweza kuzipanga irabu za lugha yoyote kwenye karatasi ya grafu, na ndivyo Gordon Peterson na Harold Barney wa maabara ya Bell nchini Marekani walivyofanya mwaka 1952. Waliwarekodi watu 76, wanaume, wanawake na watoto, wakisoma maneno kumi yaliyotofautiana kwa irabu peke yake, kama "heed", "hid", "had" na "heard", kisha wakazipima fomanti kwa spektrografu, mashine ambayo maabara hiyo ilikuwa imeiunda katika miaka ya 1940. Kwa wastani wa wanaume, "heed" ilikuwa na fomanti ya kwanza ya hezi 270 na ya pili ya 2,290. Neno "hid" lilikuwa na 390 na 1,990. Irabu ya "who'd" ilikuwa na 300 na 870, ya "had" 660 na 1,720, ya "hud" 640 na 1,190. Hao walikuwa Wamarekani wa katikati ya karne iliyopita, na Mwingereza wa leo hatatoa takwimu hizohizo, lakini mpangilio wa jumla ndio huo.

Sasa tuzitazame takwimu hizo kwa jicho la darasa la Kisumu. Walioichunguza lafudhi ya Kiingereza ya Afrika Mashariki wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba sisi huzikusanya irabu za Kiingereza katika vyumba vichache. Irabu ya "ship" na ya "sheep" huingia chumba kimoja, ya "full" na ya "fool" chumba kingine, na "bad", "bud", "bard" na "bird" zote hujikuta katika a. Maelezo yanayotolewa shuleni ni kwamba lugha zetu za kwanza hazina tofauti hizo, na kwamba Kiswahili, chenye irabu tano, kimetuzoesha hivyo. Kuhusu Kiswahili ni kweli. Kuhusu lugha za kwanza, naona maelezo hayo yametolewa na watu ambao hawakuzisikiliza.

Mimi ni Mjaluo, na Dholuo ina irabu tisa. Zimegawika makundi mawili, moja likitamkwa shina la ulimi likiwa limesogezwa mbele na koo kupanuka, jingine shina hilo likiwa limerudi nyuma, na kwa kawaida irabu za neno moja hutoka katika kundi moja. Matokeo yake hewani ni kwamba irabu ya kundi la kwanza huwa na fomanti ya kwanza iliyo chini kuliko ya mwenzake wa kundi la pili. Hapo ndipo "heed" na "hid" zinapoachana pia, 270 dhidi ya 390, ingawa misuli inayotumiwa na Wamarekani haifanyi kazi sawasawa na yetu. Kikalenjin kina jozi za aina hiyo na juu yake kinaongeza tofauti ya urefu. Ekegusii ina irabu saba, na Gikuyu cha wenzetu wengi wa Nakuru kina saba vilevile, kwa hiyo e mbili na o mbili si jambo geni kwao. Lakini maandishi ya Dholuo hutumia herufi tano tu, na mtoto anapofika darasa la kwanza hufundishwa kwamba i ni i. Miaka inapita, anakutana na Kiingereza kupitia herufi zilezile, na tofauti aliyoizungumza nyumbani tangu anyonye haimjii akilini kuwa inaweza kumsaidia.

Huwa ninawarekodi wanafunzi wa kidato cha pili kwa simu, kisha ninazifungua rekodi hizo kwenye programu ya Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam na kutolewa bure. Spektrogramu inayotokea husomwa kwa urahisi: muda huenda kulia, masafa hupanda juu, na weusi huonyesha mahali penye nguvu. Kwanza ninawaomba watamke maneno ya Dholuo ambayo yangeandikwa kwa i ileile, na mistari miwili tofauti huonekana pale kwenye kioo. Ndipo tunapotazama "ship" na "sheep" zilizotamkwa na mzungumzaji wa Uingereza. Msichana mmoja aliwahi kutamka kwa mshangao, "Mwalimu, kumbe hizi zote tuko nazo nyumbani." Sidai kwamba baada ya hapo kila mmoja alitamka kama mtangazaji wa London, wala sioni sababu ya kumtaka afanye hivyo. Ninachodai ni kwamba mtu aliyekwisha kuusikia mpaka nyumbani kwao huuona haraka ukionyeshwa mahali pengine, na shule zetu hazijatumia nafasi hiyo.

Kwa mwanafunzi kutoka Bungoma anayezungumza Lubukusu hali ni tofauti, kwa sababu lugha yake ina irabu tano lakini inatofautisha fupi na ndefu. Yeye akiambiwa kwamba "sheep" ina i ndefu na "ship" ina i fupi, hufurahi, maana urefu anaujua vizuri, na vitabu vyetu vinamuunga mkono kwa ile nukta mbili inayowekwa baada ya irabu katika kamusi. Bahati mbaya nukta hizo zinapotosha. Katika Kiingereza irabu hurefuka inapofuatwa na konsonanti ghuna, inayotetemesha nyuzi za sauti kama d, na kufupika inapofuatwa na konsonanti sighuna, isiyozitetemesha kama t, kiasi kwamba irabu ya "beat" huchukua takriban theluthi mbili tu ya muda wa irabu ya "bead". Kwa hiyo i ndefu ya "beat" inaweza kulingana kwa muda na i fupi ya "bid", na anayesikiliza urefu peke yake atachanganyikiwa. Urefu huo una kazi nyingine muhimu ambayo haielezwi vya kutosha: mwishoni mwa neno Mwingereza mara nyingi huimeza d au t, haipasui kabisa, na msikilizaji huijua konsonanti kwa kupima irabu iliyotangulia. Ningependa walimu wafute maelezo ya irabu fupi na ndefu wanapofundisha "ship" na "sheep", wayatumie wanapofundisha "bead" na "beat".

Irabu ya "bird" ndiyo inayonivutia kuliko zote. Katika matamshi ya Uingereza yasiyotamka r hapo, fomanti zake hukaa karibu na hezi 500 na 1,500, yaani karibu kabisa na hesabu ya ule mrija mtupu wa sentimita 17.5. Kifizikia hakuna irabu nyepesi kuliko hiyo: ulimi hauendi popote, taya halishuki sana, midomo haiviringwi. Dada yake asiyewekwa shadda, ile irabu hafifu inayoanza neno "about" na kumaliza neno "teacher", ndiyo irabu inayojitokeza mara nyingi kuliko zote katika mazungumzo ya Kiingereza. Kwetu sote, Wajaluo, Waluhya, Wakisii na Wakalenjin, irabu hii iliyo nyepesi kifizikia ndiyo ngumu zaidi kuifundisha. Sababu ni kwamba kila irabu tunayoijua inatutaka tufanye jambo kwa ulimi au midomo, ilhali hii inatutaka tuache kufanya. Mwanafunzi akiambiwa atamke "bird" hutafuta kitu cha kufanya, na kilicho karibu zaidi ni kufungua taya, fomanti ya kwanza ikapanda kutoka 500 hadi 700 na zaidi, na neno likawa "bad". Mimi humwambia atoe sauti ya mtu anayefikiri kabla ya kujibu, ile ya kusitasita, kisha aweke b mbele yake. Wengi hufaulu hapo hapo, na wengine hucheka mpaka kipindi kinaisha.

Kuna swali ambalo darasa zuri huliuliza lenyewe: ikiwa irabu ni takwimu, mtoto anawezaje kumwiga mwalimu ambaye kinywa chake ni kikubwa kuliko chake? Katika vipimo vya Peterson na Barney, fomanti ya pili ya "heed" ilikuwa 2,290 kwa wanaume, 2,790 kwa wanawake na 3,200 kwa watoto. Mvulana wa miaka kumi na mitatu hawezi kutoa 2,290 ya mwalimu wake kwa irabu hiyo, na akiitoa atakuwa ametamka kitu kingine. Sikio haliamui kwa takwimu moja moja, linaamua kwa uhusiano wa irabu za msemaji huyohuyo. Mwaka 1957 Peter Ladefoged na Donald Broadbent walilithibitisha hilo kwa sauti za mashine. Walitengeneza sentensi moja ya utangulizi kwa namna mbalimbali, wakaifuatisha na neno lilelile lisilobadilishwa. Fomanti ya kwanza ya utangulizi ilipokuwa ya kawaida, wasikilizaji wengi walisikia "bit". Iliposhushwa, neno lilelile likasikika "bet", kwa kuwa sasa lilionekana kuwa juu ukililinganisha na msemaji wake. Ladefoged huyo baadaye alishiriki uchunguzi wa lugha za Uganda uliochapishwa mwaka 1972, kwa hiyo masikio yake yalifika hapa ng'ambo ya Busia.

Konsonanti zina mambo yake. Watu wa miji mingine hupenda kutucheka Wajaluo tunaposema "fis" badala ya "fish", na mzaha huo nimeuzoea, ila hutolewa kana kwamba ni uvivu wa ulimi. Kikwamizo sighuna kama s hakitegemei nyuzi za sauti; chanzo chake ni hewa inayopenya katika upenyo mwembamba na kuvurugika, na sehemu ya kinywa iliyo mbele ya upenyo huo ndiyo inayoamua masafa. Katika s upenyo uko kwenye ufizi na nafasi iliyobaki mbele yake ni ndogo mno, na kwa kuwa nafasi ndogo huvuma juu, nguvu ya s hukusanyika kuanzia hezi 4,000 hivi kwenda juu. Katika sh ulimi hurudi nyuma kidogo, midomo husogea mbele, nafasi hupanuka, na mvumo hushuka hadi hezi 2,500 hivi. Dholuo haina sh, kwa hiyo eneo hilo lote la masafa ni mali ya s, na s ya Mjaluo inaweza kuelea ndani yake bila kumkosea mtu yeyote. Kumwambia mwanafunzi "sema vizuri" hakumsaidii. Kumwambia avute s ndefu, kisha bila kukata pumzi arudishe ulimi na kusukuma midomo mbele huku akisikiliza jinsi mvumo unavyoshuka, kunamsaidia, na kwenye kioo cha kompyuta weusi hushuka mbele ya macho yake.

Harvey Fletcher, naye wa maabara ya Bell, alizilinganisha sauti za Kiingereza kwa nguvu. Akiipa th ya "thin" kipimo cha 1, irabu ya "awl" ilifika 680, sh ilipata 80, s ilipata 16 na f ilipata 5. Walimu wa Kisumu wanaijua orodha hiyo kwa uzoefu hata kama hawajaiona. Mvua ya alasiri inapoanza kupiga mabati ya darasa, th hutoweka kwanza, f huifuata, s hustahimili kidogo, na irabu hubaki hadi mwisho. Kinachomwokoa msikilizaji ni kwamba konsonanti huacha alama zake kwenye irabu jirani. Pierre Delattre, Alvin Liberman na Franklin Cooper wa maabara ya Haskins walionyesha mwaka 1955 kwamba fomanti ya pili huanza safari yake ikitokea mahali maalumu kulingana na kipasuo (konsonanti inayoziba hewa kisha kuiachia ghafla) kilichoitangulia: karibu na hezi 720 kwa b, karibu na 1,800 kwa d. Mwanzo wa irabu umepinda, na sikio huusoma mpindo huo. Kuhusu th na f, mvumo wao hafifu unafanana kiasi kwamba hata Waingereza wengi wa London husema "fink" wakimaanisha "think", na sijawahi kusikia mtu akiwaita wavivu.

Vipasuo ndivyo vinavyoleta kutoelewana kwa kweli. Katika Kikalenjin hakuna maneno yanayotofautiana kwa p na b peke yake, na katika Lubukusu vipasuo ghuna hutokea baada ya nazali kama m na n. Mzungumzaji wa lugha hizo akisema "pen" bila mpumuo, sisi majirani zake tunasikia p bila shaka yoyote, lakini mgeni kutoka Uingereza anaweza kusikia "Ben". Leigh Lisker na Arthur Abramson walipima jambo hili mwaka 1964 katika lugha 11, wakihesabu muda kati ya kupasuka kwa konsonanti na kuanza kutetema kwa nyuzi za sauti. Kwa Kiingereza, p ilichukua wastani wa milisekunde 58, t 70 na k 80, huku b ikichukua 1, d 5 na g 21. Vitabu vyetu hufundisha kwamba p ni sighuna na b ni ghuna, na hilo si uongo, lakini mwanzoni mwa neno Mwingereza husikiliza zile milisekunde za pumzi kuliko mtetemo wenyewe. Mwanafunzi wa Kikalenjin asihangaishwe kutetemesha b. Afundishwe kupumua baada ya p, kwa karatasi iliyoshikwa mbele ya midomo, na mambo yatajirekebisha pande zote mbili. Wenyeji wa pwani wanaotenga paa la nyumba na paa wa porini kwa mpumuo wangeliona zoezi hilo kuwa mchezo wa watoto.

Kuhusu l na r, ambazo huwasumbua baadhi ya wanafunzi wa Nakuru wenye asili ya Gikuyu, nitasema kwa ufupi tu. Tofauti yao katika Kiingereza iko kwenye fomanti ya tatu, ambayo kwa l hubaki juu na kwa r hushuka hadi chini ya hezi 2,000. Lugha zetu hazitumii fomanti hiyo kutenganisha maneno. R yetu ni mguso wa haraka wa ulimi kwenye ufizi, na inatambulika kwa ufupi wake. Kwa hiyo anayeifundisha r ya Kiingereza anamfundisha mtu kusikiliza sehemu ya sauti ambayo hajawahi kuihitaji, na subira haina mbadala.

Simu ndiyo mahali ambapo takwimu hizi hukutana na fedha za watu. Mtandao wa simu wa kawaida hupitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu. Masafa ya msingi ya mwanamume, yale 120, hayapiti kabisa, na bado tunasikia sauti ya mwanamume, kwa sababu ubongo huyahesabu kutokana na vizidishi vilivyopita. Fomanti mbili za kwanza za irabu nyingi hupita salama. Ndiyo maana mhudumu wa simu hupata shida ndogo kutofautisha Otieno na Atieno, majina ya mvulana na msichana yanayoachana kwa irabu ya kwanza tu. Lakini nguvu ya s iliyo juu ya hezi 4,000 hukatwa mlangoni, na kinachosalia kinafanana sana na f. Ubaya ni kwamba majina ya Kiingereza ya herufi hizo mbili, S na F, huanza kwa irabu ileile, na konsonanti pekee ndiyo inayozitenga, kwa hiyo simu hukata kile hasa kilichokuwa kikihitajika. B, D, P na T zina mkosi wa aina hiyohiyo, kwa kuwa zote huishia kwenye i.

Simu mpya zinazopiga kupitia mtandao wa 4G hupitisha masafa hadi hezi 7,000, na mtu anaposoma namba ya kitambulisho au herufi za muamala kwa simu ya namna hiyo, s husikika ikiwa s. Sharti ni kwamba simu zote mbili ziwe na uwezo huo na mtandao uwepo pande zote. Anayempigia mama yake huko Nyakach kwenye mulika mwizi itambidi aendelee kusema S ya sukari, F ya fimbo.